Nyumbani, Nani Mwingine Anajua?

Leo naomba tuzungumze habari za watoto wenye magonjwa ya mkojo, hasa kipande kile cha matibabu kinachoanza pale daktari anapoweka kisu chini: kurudi kliniki. Au niseme ukweli kama ulivyo, kutorudi.

Kaa kwenye benchi la kliniki ya upasuaji wa watoto katika hospitali yoyote kubwa ya rufaa. Mtoto anaitwa, faili linafunguliwa, inaonekana kuwa mara ya mwisho kuandikwa ni miezi minane iliyopita, na tarehe mbili za kurudi zimepita bila mtu. Hapo yanatoka maneno mawili ambayo yamezoeleka mno: mzazi mzembe. Mama anainamisha kichwa, anamvuta mtoto karibu, hajibu. Nami huwa najiuliza, huyu anayekaripiwa si ndiye aliyekuja? Ndiye aliyeamka saa tisa usiku kuwahi basi. Tukitaka kutafuta uzembe, tuwatafute kwanza wale ambao hawapo kwenye benchi.

Nianze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu asiyeuelewa hawezi kuona kwa nini tarehe ya kurudi ina uzito kuliko ile ya kwanza.

Chukua mgongo wazi. Mtoto anazaliwa na uvimbe au kidonda mgongoni, mahali ambapo uti wa mgongo haukujifunga katika wiki za mwanzo kabisa za ujauzito. Wengi wao wanakuwa pia na maji kichwani, wale tunaowaita watoto wa kichwa kikubwa. Wakibahatika wanafikishwa mapema kwa wataalamu, iwe MOI pale Muhimbili, Bugando kule Mwanza au KCMC Moshi. Mgongo unafungwa, na kichwa chenye maji kinawekewa njia ya kuyatoa. Kidonda kinakauka, nyuzi zinatolewa, ndugu wanamshukuru Mungu. Kwa macho ya kila mtu matibabu yamekwisha.

Hayajaisha. Mishipa ya fahamu inayokiamrisha kibofu inatoka sehemu ile ile ya chini ya uti wa mgongo. Kwa wengi wa watoto hawa kibofu kinajaa lakini hakimwagi chote, au kinakaza kutoa mkojo wakati huohuo mlango wake nao umekaza. Mama anaona nepi imelowa, anaridhika kwamba mtoto anakojoa vizuri, kumbe kinachovuja ni kile kilichofurika tu. Mkojo uliobaki unakaribisha vijidudu, msukumo ndani ya kibofu unapanda, na mkojo unarudi juu kwenye figo. Na figo haiumi wala hailii. Inaweza kuharibika kidogo kidogo miaka mitatu, minne, na mtoto anacheza, anakula, anacheka na wenzake. Ni picha ya ultrasaundi, kipimo cha damu na kupimwa shinikizo la damu ndivyo vinavyoweza kusema kinachoendelea ndani, na vyote hivyo vinataka mtoto awepo kliniki.

Kundi la pili ni wavulana waliozaliwa na vijipazia vyembamba ndani ya njia ya mkojo, chini kidogo ya kibofu. Daktari mmoja wa Marekani, Hugh Hampton Young, na wenzake walivieleza na kuvipanga kwa makundi mwaka 1919, na mpaka leo ni miongoni mwa sababu kubwa za wavulana wadogo kuharibikiwa figo. Kibofu cha mtoto huyu kimekuwa kikisukuma mlango uliofungwa tangu tumboni mwa mama yake. Kinakomaa misuli, kinakuwa kinene na kigumu, na figo zinaumia kabla hajaiona dunia. Daktari anaingiza kamera nyembamba, anakata vijipazia, na mkojo unaanza kutoka. Lakini kibofu kilichokomaa vibaya hakirudi kuwa laini kwa kukatwa kijipazia, na figo iliyoumia haioti upya. Mtoto huyu ni wa kufuatiliwa mpaka awe mtu mzima.

Hapa nitue kidogo niwasemeshe kina mama na kina bibi mnaoogesha watoto. Mtoto wa kiume akikojoa, mkojo unaruka. Mnajua wenyewe jinsi unavyomlowesha anayembadilisha nepi. Ukiona siku zote wa huyu unadondoka matone tu, anajikaza na kulia anapokojoa, na chini ya kitovu unagusa uvimbe mgumu usioisha, usikae ukimkanda kwa mafuta ukisema ni chango au ngiri. Mpeleke hospitali wiki hiyohiyo.

Sasa turudi nyumbani, maana huko ndiko tarehe ya kliniki inakofia.

Jambo la kwanza ni hilo la kuonekana amepona. Ni gumu mno kutumia pesa kwa ajili ya mtoto asiyelia. Malaria inachemsha mwili, kila mtu anaamka. Mtoto wa kibofu hana homa, hana kidonda, ana karatasi tu inayosema arudi baada ya miezi mitatu. Na karatasi hiyo inashindana na ada, mbolea, kodi ya chumba, na msiba wa mjomba.

Pesa basi. Sera yetu inasema mtoto wa chini ya miaka mitano atibiwe bure katika vituo vya umma, na hilo limeokoa wengi. Lakini nauli hailipwi na sera. Mama wa Mpwapwa anayetakiwa Dodoma mjini asubuhi analazimika kusafiri siku moja kabla, aombe mahali pa kulala kwa jamaa, anunue chakula cha watu wawili, na akiambiwa majibu yatatoka kesho, alale tena. Wa Kigoma aliyepewa tarehe Dar es Salaam anahesabu siku za njiani tu kabla hajafika kwenye foleni. Halafu tazama kalenda. Tarehe ya Februari inamkuta mkulima wa Dodoma ghala limekwisha na shamba linadai palizi. Tarehe ya Julai inamkuta ana gunia la kuuza. Mwuguzi anayegawa tarehe akimuuliza mzazi swali moja tu, kwenu mnavuna lini, kwa mtoto ambaye hali yake inaruhusu kusogezwa wiki chache, atapata mahudhurio ambayo karipio halijawahi kuyaleta.

Na kuna kizingiti kingine watu hawakizungumzii. Mtoto akitimiza miaka mitano ule msamaha unakwisha. Mtoto wa mgongo wazi au wa vijipazia hajui kama ametimiza mitano. Kibofu chake ni kilekile. Kwa miaka kadhaa familia nyingi zilikimbilia kadi ya bima ya Toto Afya, shilingi 50,400 kwa mwaka, na usajili ule wa mtoto mmoja mmoja uliposimamishwa mwaka 2023 kuna wazazi waliobaki wameishika kadi iliyokwisha muda. Mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ombi langu kwa wanaoitekeleza ni kwamba mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu asipitwe na hata mwezi mmoja bila kinga katikati ya mpango mmoja na mwingine. Mwezi huo mmoja ndio mzazi anaotoka kwenye mstari, na akishatoka, kurudi ni kazi.

Lakini pesa peke yake haielezi. Nimeona nyumba zenye uwezo wa kati ambazo mtoto amepotea kliniki mwaka mzima, na nyumba za kibarua ambazo hazijakosa tarehe. Tofauti ninayoiona mara nyingi iko hapa: katika nyumba ile ya kwanza, anayejua hana pesa, na mwenye pesa hajui.

Daktari anamweleza mama kwa dakika kumi, mlangoni kuna watu wengine thelathini wanasubiri, na nusu ya maneno ni ya Kiingereza. Mama anabeba alichokishika. Jioni baba anauliza.

“Wamesemaje?”

“Wamesema turudi mwezi wa tisa.”

“Kwani si wamempasua?”

“Wamempasua.”

“Na anakojoa?”

“Anakojoa, ila wamesema turudi.”

Katika mazungumzo hayo mimi simwoni baba katili. Namwona mtu anayeombwa auze mbuzi kwa sababu ambayo hakuna aliyempa. Angeambiwa na daktari mwenyewe kwamba figo za mwanawe zinaweza kufa kimyakimya, kwamba zikifa ni mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki kwa maisha yote au kupandikizwa figo, huduma ambayo Muhimbili ilianza kuitoa nchini mwaka 2017, mbuzi angeuzwa. Wanaume wengi wa nchi hii wanauza mbuzi kwa ajili ya watoto wao. Wanachotaka ni kuelezwa kama watu wazima.

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza ni dogo na halina gharama. Daktari au mwuguzi akishamweleza mama, aombe simu yake, ampigie baba, aweke sauti ya nje: “Shikamoo mzee” au “habari za kazi kaka, niko na mkeo na mtoto hapa kliniki.” Dakika tatu. Baba asikie jina la ugonjwa, asikie tarehe, aulize swali lake. Mtu aliyeongea na daktari mwenyewe anakumbuka tarehe.

Tukitoka kwa baba tufike kwa bibi. Katika nyumba nyingi, mama mkwe ndiye serikali. Amelea wanawe na wa wenziwe, wote wakakua. Leo anamwona mkwewe anamlaza mjukuu wake chali na kumwingiza mpira kwenye njia ya mkojo. Anashtuka, na ana haki ya kushtuka. “Mnamuumiza mtoto wangu. Mwacheni, atakojoa mwenyewe.” Mama kijana wa miaka ishirini na mbili, aliyeolewa juzi, atamwambia nini? Anaacha. Au anafanya kwa kujificha chumbani, mara mbili kwa siku badala ya tano.

Niwaeleze huo mpira, maana wengi wanausikia kwa mbali na kuogopa. Mtoto ambaye kibofu chake hakimwagi chenyewe anasaidiwa kukimwaga kwa mpira mwembamba, kila baada ya saa tatu au nne mchana. Hauachwi ndani. Unaosha mikono kwa sabuni, unamsafisha mtoto, unaupaka mpira jeli, unauingiza taratibu bila kulazimisha mpaka mkojo uanze kutoka kwenye kopo. Unasubiri. Mkojo ukikatika, unauvuta mpira kidogo kidogo, kwa sababu mara nyingi kuna kiasi kingine kilichojificha chini. Kikitoka unasimama tena. Ukishamaliza unauosha mpira kwa sabuni na maji safi, unausuuza ndani na nje, unaukausha, unauweka kwenye chombo safi chenye kifuniko. Kwa watoto wa mgongo wazi ulizeni mpira usio na lateksi, kwa sababu wengi wao hupata mzio wa lateksi, na mzio huo unaweza kuwa mkali.

Kabla ya mwaka 1972 kazi hii ilihesabiwa kuwa ya chumba cha upasuaji, glavu na vifaa vilivyochemshwa. Mwaka huo Jack Lapides na wenzake katika Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha kazi iliyobadili mambo: mpira ukiwa safi unatosha, muhimu ni kukimwaga kibofu mara kwa mara kisijae kupita kiasi. Hilo neno safi ndilo lililoiweka tiba hii mikononi mwa mama mwenye ndoo, sabuni na kopo. Ni miongoni mwa tiba chache kubwa za figo zinazoweza kufanyika vilevile Michigan na Mpwapwa.

Ila inategemea saa, na saa inategemea watu. Ndiyo maana bibi tunamhitaji. Nimewahi kusimuliwa na mwuguzi wa Tanga jinsi walivyoipanga katika nyumba moja: badala ya kuandika saa kwenye karatasi, wakaifunga kazi kwenye siku ya bibi mwenyewe. Akitoka kuswali alfajiri, mpira. Chai ya saa nne, mpira. Baada ya adhuhuri, baada ya alasiri, baada ya magharibi, na kabla ya kulala. Bibi yule hasomi saa ya ukutani, lakini hajawahi kuikosa adhana. Kutoka kuwa mpinzani akawa mlinzi, na mkwe akaweza kwenda sokoni bila hofu.

Bibi aliyeachwa nje ya maelezo anaweza kudhuru kwa mapenzi. Watoto wengi wa vijipazia wana figo zisizoweza kubana maji; wanakojoa sana na wanakunywa sana. Bibi anaona kitanda kimelowa kila siku, anaamua dawa ni kumnyima maji kuanzia jioni. Figo zile haziwezi kuyazuia maji, mtoto anakauka, na akipata kuhara kidogo tu anazidiwa. Alichokosa bibi ni sentensi moja ya maelezo.

Nakuja sasa kwenye aibu, na hapa naongea kwa uchungu. Mkojo una harufu, na harufu inaitangaza siri ya nyumba. Mtoto wa miaka saba anayevaa nepi haalikwi kulala kwa shangazi. Mama anamfungia ndani wageni wakija. Ukoo unaanza kutafuta chanzo, na chanzo kinatafutwa kwa mama: kwao kuna mkosi, alivunja mwiko, ametupiwa kitu. Wapo kina baba walioondoka kwa maneno hayo. Kwa mgongo wazi nataka niseme waziwazi. Mojawapo ya sababu zinazojulikana ni upungufu wa asidi ya foliki, na uti wa mgongo unajifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutunga, yaani kabla wanawake wengi hawajajua kuwa wana mimba. Hakuna wa kulaumiwa kwa kutomeza kidonge katika siku hizo. Ndiyo maana nchi zinaongeza virutubisho kwenye unga. Sisi kanuni za kuulazimisha urutubishaji zilitoka mwaka 2011, lakini unga wa mahindi unaosagwa kwenye mashine ya kijiji, ambao ndio unga wa walio wengi, mara nyingi haupitii huko. Anayetaka kuulizia mkosi aanzie kwenye mashine ya kusaga, amwache mama wa watu.

Aibu hiyohiyo inawakosesha tiba wavulana wengine, wale waliozaliwa na tundu la mkojo chini ya uume badala ya ncha. Familia inaficha, kisha siku za tohara zinakaribia, babu anauliza mbona huyu hajatahiriwa, na wapo wanaosema amezaliwa ametahiriwa tayari. Anapelekwa kutahiriwa kimyakimya. Mzee, baba, ngariba, yeyote unayenisikiliza: mtoto wa namna hiyo asitahiriwe kwanza. Daktari anaihitaji ile ngozi ya govi kutengenezea njia ya mkojo, na ikishatupwa upasuaji unakuwa mgumu zaidi. Mleteni angali mdogo, mara nyingi upasuaji hufanyika kati ya miezi sita na mwaka na nusu, na tohara yake itakamilika humohumo. Aibu ya kusubiri miezi michache haifanani na kijana wa miaka kumi na sita asiyeweza kusimama chooni na wenzake.

Ndiyo maana nasema anayejua nyumbani awe zaidi ya mmoja. Niwaonyeshe inakuwaje asipokuwepo wa pili. Mama anajifungua tena. Wiki hizo nani anaweka mpira? Mama analazwa. Mama anakwenda kuuguza kwao. Na mara nyingine ndoa inavunjika. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vizuri akae na mama yake, isipokuwa mahakama ione vinginevyo. Kwa desturi za watu wengi, saba ikifika mtoto anakwenda kwa baba. Anapelekwa na begi la nguo na madaftari ya shule. Sijaona bado familia inayokaa kikao cha kumgawa mtoto ikaweka mezani kadi ya kliniki. Nakusihi, mzee wa ukoo unayeongoza vikao hivyo, na wewe wakili na afisa ustawi wa jamii: uliza huyu mtoto ana ugonjwa gani wa kufuatiliwa, na nani kwa baba amefundishwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inahesabu matibabu kuwa haki ya mtoto kwa wazazi wote wawili, na wazazi kuachana hakuifuti.

Miaka saba hiyo pia ndiyo ya darasa la kwanza au la pili. Shule zetu nyingi choo hakina mlango unaofunga, hakina maji, na mapumziko ni mafupi. Mama anayeweza anakwenda shuleni saa nne kumwaga kibofu cha mtoto wake nyuma ya ofisi, kisha anarudi kwenye genge lake. Asiyeweza anamwacha mtoto nyumbani, au mtoto anashinda na kibofu kilichojaa tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mwalimu mkuu akitoa ufunguo wa choo cha walimu na ndoo moja ya maji, ametibu figo. Wengi wa watoto hawa wakifika miaka sita hadi minane, kama mikono na akili viko sawa, wanaweza kujiwekea mpira wenyewe. Wasichana hufundishwa kwa kioo kidogo. Siku mtoto anayoweza mwenyewe, nusu ya mzigo wa nyumba inashuka, na yeye anatembea akiwa na heshima nyingine kabisa. 

Kwa wenzetu wa kliniki nina maombi. Pale mnapoandika jina la mzazi na namba ya simu, ongezeni mstari mmoja: nyumbani, nani mwingine anajua? Jibu likiwa hakuna, tarehe inayofuata asije mama peke yake. Aje na baba, dada mkubwa, shangazi, yeyote anayelala nyumba ileile, na huyo ndiye afundishwe siku hiyo huku mama akiangalia. Andikeni kwenye kadi kwa Kiswahili, jina la ugonjwa, kipimo kinachosubiriwa, na kitakachotokea asiporudi. Pangeni ultrasaundi, damu na daktari siku moja kwa wale wanaotoka mbali. Na mtoto asipotokea, pigeni simu wiki hiyo kabla hamjaandika neno lolote kwenye faili. Mkikuta namba haipatikani, wazazi wenyewe wana njia zao. Chama chao cha watoto wenye mgongo wazi na kichwa kikubwa, ASBAHT, kinawakutanisha wanaojuana mtaa kwa mtaa, na mama mwenzake atamfikia pale ambapo barua haifiki.

Nanyi wazazi, kuna siku ambazo hamsubiri tarehe. Mtoto mwenye historia ya ugonjwa wa mkojo akipata homa isiyoeleweka, akatapika, mkojo ukawa na damu au harufu kali kuliko kawaida, akavimba uso asubuhi, au mpira ukagoma kuingia, nendeni siku hiyohiyo. Na mkifika, msikubali apewe dawa ya homa tu. Semeni kwa sauti kwamba huyu ana tatizo la kibofu, apimwe mkojo.

Mwisho nataka kumtaja kijana. Anafika miaka kumi na nne, kumi na tano, anachoka. Hataki mpira, hataki dawa, hataki kukaa benchi moja na watoto wachanga. Anataka shule ya bweni kama wenziwe. Kliniki ya watoto inamwambia amekua, aende ya wakubwa, na huko daktari anamuuliza ulifanyiwa upasuaji gani. Hajui. Miaka yote nyumbani waliita “ule ugonjwa wako” na kushusha sauti. Faili lina jina la baba aliyeondoka. Mama ndiye anayekumbuka, na mama yuko kijijini.

Kwa hiyo wazazi wenye watoto wa umri huo, wiki hii, mkiwa mmekaa wenyewe jioni, mwambieni. Mtajieni ugonjwa kwa jina lake, mwaka aliopasuliwa, hospitali gani, figo ipi iliyoumia, dawa gani anakunywa na kwa nini. Mpeni kadi aishike yeye. Safari ijayo mwacheni aingie kwa daktari kwanza peke yake, ninyi mfuate baadaye.